Walituambia Baba Aangaliwe Tu

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka hospitalini leo na mzazi wake, akaambiwa ini la mzazi lina ugonjwa wa kudumu, halafu akarudishwa nyumbani mikono mitupu. Hakuandikiwa kidonge hata kimoja. Najua unavyojisikia. Umepanda gari na hasira, umeshuka na hasira zaidi, na kila anayekuuliza "wamempa dawa gani?" unatamani kumrushia kitu. Nilipita hapo hapo. Mambo ya ini lenyewe, linavyofanya kazi na linavyoharibika, muulize daktari. Mimi ni fundi cherehani. Ninachoweza kukueleza ni namna tulivyoishi na jambo hilo nyumbani kwetu Mjimwema, Njombe, mimi na Baba na kaka yangu Castory, katika ile miaka ambayo biashara ilifunguliwa, maduka yakajaa kila kitu, na kila kitu kikawa na tabia ya kupatikana leo na kukosekana kesho.

Kwanza nikwambie tabia yangu, la sivyo hutanielewa. Mimi sijui kusubiri. Wali ukiwa jikoni nafunua sufuria mara kumi. Mteja akichelewa kuja kujaribu gauni, namfuata kwake na tepu shingoni. Jina langu ni Oresta, na Baba alikuwa akisema angejua nitakuwa hivi angenibatiza Haraka. Mama alifariki tukiwa bado shule ya msingi, Baba akatulea mwenyewe, kwa viazi na kwa ulanzi. Alikuwa mgema. Kwa asiyetoka kwetu, ulanzi ni pombe ya mianzi: chipukizi la mwanzi linakatwa ncha, linafungiwa chombo cha mwanzi tunachokiita mbeta, na maji yake yanadondoka humo kipindi chote cha mvua. Ukiyanywa asubuhi ni matamu kama soda. Ukiyaacha mpaka jioni yanakuangusha. Castory yeye alishahamia Makambako siku nyingi, akauza vipuri vya malori karibu na barabara kuu, kwenye duka lisiloisha vumbi kwa ule upepo wa Makambako.

Ugonjwa tuliujua kwa bahati. Mke wa jirani alijifungua kwa shida, damu ikahitajika, Baba akajitolea. Walimtoa kidogo ya kupima, wakamweka kwenye benchi, kisha muuguzi akamwita pembeni na kumwambia damu yake haitafaa, aende hospitali kubwa akachunguzwe. Baba alirudi nyumbani akasema, "Wameikataa. Imezeeka." Akacheka. Mimi sikucheka. Miaka ile damu ya mtu ikikataliwa, majirani walikuwa na jibu moja tu kichwani, na nililiona likipita machoni mwa watu pale kisimani kabla hata hatujajua lolote. Tena nilikuwa nimemwona Baba akikaa chini kila akimaliza matuta mawili, yeye aliyezoea kulima mpaka jua lizame. Alikuwa akijikuna viganja hadi ngozi inachubuka. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na hakuwa ameniambia.

Tukaenda hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku kwa gari, barabara mashimo na ukungu. Kuhusu benchi za kusubiria nitakwambia jambo moja tu: beba blanketi. Ilikuwa ule mwezi wa baridi ambao majani yanaamka meupe kwa barafu, na sakafu ya saruji ilipandisha baridi mpaka magotini. Wagonjwa wote walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti ya mitumba, wanawake wamevaa sweta mbili na kitenge juu. Kila mlango ukifunguliwa shingo zote zinageuka, kisha zinarudi. Baba akalala usingizi ameketi, na mimi nikawa nasimama na kukaa, nasimama na kukaa, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nina shida ya haja ndogo.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, mpole, anayeongea taratibu mno kwa mtu wa aina yangu. Alitueleza kwamba ni virusi, si ulevi wala si ule ugonjwa waliokuwa wanausema watu. Kisha akasema maneno ambayo nilikuja kuyakumbuka neno kwa neno. "Ini la Mzee bado linajimudu. Dawa zimeanza kuja, lakini kwa hali hii hatuna haraka nazo. Kwa sasa tutamwangalia tu. Mrudi mvua zikikatika, tupime tena. Na pombe, Mzee, ndiyo basi."

Baba akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Asante, daktari. Nimesikia." Njiani alikuwa akitazama mianzi tu. Nilidhani anawaza ulanzi.

Wiki iliyofuata alinichukua shambani akaanza kunionyesha mipaka. Kuanzia miti ile ya miwati mpaka kwenye jiwe, ni lako. Kuanzia jiwe mpaka mtoni, ni la Castory.

"Baba, mbona unanionyesha shamba ninalolima kila mwaka?"

"Kulima na kuonyeshwa ni vitu viwili," akasema, akaendelea kutembea.

Kisha akampa jirani kisu chake cha kugemea na mbeta zote. Nikafurahi, nikajua anatii amri ya daktari. Akanipa koti lake la suti nipunguze kiuno. Nikafurahi tena, nikajua anataka kupendeza kanisani. Ndivyo nilivyo. Kitu kikienda upande ninaoutaka, siulizi maswali.

Wageni ndio walionifumbua macho. Wa kwanza alikuwa Shangazi Agneta, dada mkubwa wa Baba, aliyetoka Mlangali na kuku mmoja, blanketi, na maharage kwenye kiroba. Aliingia uani ameinamisha kichwa kama mtu anayekaribia msiba, akatoa salamu ya kwetu kwa sauti ya chini, "Kamwene." Jibu likatoka juu. Baba alikuwa kwenye paa la jiko, misumari mdomoni, anagongelea bati lililong'olewa na upepo. "Kamwene, dada! Karibu, nashuka."

Shangazi alimtazama juu, akanitazama mimi, akamtazama juu tena. "Huyu ndiye mgonjwa?"

"Ndiye."

"Si tumeletewa habari kwamba hospitali imesema aangaliwe tu?"

"Ndivyo walivyosema."

"Basi nimekuja tumwangalie," akasema, na machozi yakamtoka. "Mbona mnamwacha apande juu?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikakaa chini kwenye kizingiti. Kwetu, na labda na kwenu pia, hospitali ikisema mtu akaangaliwe nyumbani, watu hawaulizi zaidi. Wanaanza kuita ndugu. Mama yetu naye walimrudisha kwa neno hilo hilo. Mpelekeni mkamwangalie, walisema, na tulimwangalia, zamu kwa zamu, na viazi vilikuwa havijatoa maua tulipomzika. Baba alilisikia lile neno kwa daktari, akashukuru, akaja nyumbani kugawa shamba. Lile koti nililopunguza kiuno huku naimba lilikuwa la kuzikiwa.

Niliingia ndani nikalia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Nilipotoka nilimkalisha Baba kwenye kigoda nikamweleza. Nikamwambia daktari alimaanisha wataipima damu yake kila msimu, kwamba ini lake lina nguvu, kwamba hajakatiwa tamaa na mtu yeyote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole uliokuwa ukiniumiza.

"Mwanangu, usihangaike," akasema. "Hata mama yako tulimwambia hivyo hivyo."

Mwisho wa juma uwanja wetu ulikuwa umejaa. Walikuja kutoka Lugarawa, walikuja kutoka huku na huko, wakakaa kwenye mikeka kumuaga mtu aliyekuwa akiwapikia chai mwenyewe. Kwaya ndogo ya jumuiya ikaja kuimba. Baba akaimba nao, sauti ya chini, vizuri tu. Mimi nilikuwa nashona kwa hasira mpaka sindano zinakatika.

Castory naye akaja, na Castory hakuja na kuku. Alikuja na kichupa cha vidonge. Alikuwa na rafiki Makambako, Mzee Salumu, mwenye malori ya kwenda Dar es Salaam, mtu wa sala tano na maneno machache; alimwagiza, na Salumu akampatia dawa ya ini kwenye duka kubwa la dawa huko mjini. Castory akakiweka kichupa mezani kwa kishindo.

"Anaanza leo," akasema.

"Daktari amesema bado."

"Daktari amesema aangaliwe! Baba ni televisheni? Mtu anaumwa, dawa ipo, unakaa kumtazama?"

"Ini linajimudu, amesema."

"Na likiacha kujimudu ndiyo utanitafuta kwenye simu ya posta? Mama tulimwangalia, Oresta. Uliona."

Na nikuambie ukweli: moyo wangu wote ulikuwa upande wa Castory. Mimi ndiye nisiyejua kusubiri. Kama si ubishi tu wa ndugu wawili, ningekuwa nimeshachota maji ya kumezea. Tulirushiana maneno mbele ya wageni, mambo ya zamani yakaingia, nani alibaki na nani aliondoka, mpaka Shangazi Agneta akapiga makofi kama anafukuza kuku. Baba alikuwa amekichukua kile kichupa, anakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Kama nimekwisha kukatiwa tamaa," akasema taratibu, "hii ni ya nini? Na kama sijakatiwa, kwa nini hakunipa yeye? Twendeni tukamuulize. Wote."

Tukarudi kwa daktari, safari hii watatu, kwenye lori la Mzee Salumu lililokuwa linashusha mbolea upande huo. Baba alikaa mbele na dereva kama waziri. Mzee Salumu alikuwa amemwekea blanketi kwenye kiti na hakusema lolote kuhusu hilo. Katika safari zetu zote za hospitali nakumbuka zaidi vitu vya namna hiyo kuliko majibu ya vipimo.

Baba alisema mwenyewe, kabla hata hatujaketi. "Daktari, nina swali moja. Mimi ni mtu wa kufa?"

Daktari alishtuka. Akatutazama mmoja mmoja. Nikamweleza habari ya neno lile, na mipaka ya shamba, na koti, na wageni. Alifunika uso kwa viganja, na alipoviondoa macho yalikuwa mekundu. "Mzee, nisamehe. Kwetu sisi neno hilo lina maana nyingine. Nilitaka kusema tunakufuatilia."

"Mnanifuatilia?" Baba akawaza kidogo. "Kama watu wa kodi ya kichwa?"

"Hivyo hivyo. Kila msimu. Huwezi kutukimbia."

Baba akacheka, kile kicheko chake cha kweli, ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya baridi ile. Nikageukia dirishani ili wasinione uso.

Kisha daktari akakichukua kichupa, akakisoma, akakirudisha mezani. Hakumgombeza Castory. Alisema dawa ni nzuri na kaka amefanya jambo la upendo. Ila alitaka tujue kitu kabla hatujaamua, kwa sababu uamuzi ni wa Mzee. "Dawa hii si ya kuonja. Ukiianza unaimeza kila siku, miaka, na huachi kwa kujiamulia. Ikikukatikia ghafla, ini linaweza kuchafuka kuliko lilivyo leo. Kwa sasa damu yako imetulia. Tukingoja huku tunapima, tunaweza kuianza siku itakapohitajika. Tukingoja bila kupima, hiyo ndiyo hatari."

Baba akamgeukia Castory. Hakumuuliza kama mtoto, alimuuliza kama mfanyabiashara. "Hii ukiiagiza Makambako, inapatikana kila mwezi?"

Castory alikuwa na kila sababu ya kusema ndiyo. Nilimwona akilitafuta lile neno. Akavuta pumzi. "Ikija, ipo," akasema.

"Na isipokuja?"

"Haipo."

"Basi tungoje," Baba akasema. "Wanifuatilie."

Tulikuwa tumeshainuka daktari alipoongeza jambo jingine. Watoto nao wapimwe, alisema, maana virusi hivi huingia kwa damu: waliozaliwa nyumba moja, waliotumia wembe mmoja. Baba aliyekuwa anavaa kofia akasimama na kofia mkononi. Mimi nilipimwa siku ile ile, damu yangu ikaonekana safi, na chanjo ilipokuja kupatikana nikachomwa. Castory akasema ana mzigo unamsubiri Makambako, atapima safari nyingine.

Ndivyo tulivyoingia kwenye miaka ya kungoja. Tulipima barafu ilipoanguka na tulipima mvua ilipokatika, tulipima wakati wa kupanda viazi na wakati wa kuvichimba. Ukiniuliza kilichonichosha, si safari. Ni kile cha kila asubuhi. Baba akifungua mlango wa chumba chake, mimi nipo, namtazama macho kama yana umanjano.

"Salimia kwanza," alikuwa akisema.

Nilihesabu chumvi, nilinusa kikombe chake, nilimuuliza rangi ya mkojo mbele ya padri. Ikafika siku akaniambia kwamba virusi anaviweza, ila mimi nitamwua. Sikuchukia. Nilianza kumwacha mpaka amalize chai ndipo nimtazame, na ninakushauri ufanye vivyo hivyo.

Ulanzi ndio uliomtesa. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza ndipo ampe mgeni, ili mgeni ajue hakuna kitu kibaya ndani. Asiyeonja anajitafutia maneno. Msimu wa kwanza wa mvua Baba aliacha kabisa kwenda kwa watu. Msimu wa pili akaja na njia yake. Alikuwa akipewa kikombe anakipokea kwa mikono miwili, anasimama, anasema, "Mimi nafuatiliwa na hospitali, atanionjea fulani," na anamchagua mtu mbele ya watu wote kama anayemvisha cheo. Baada ya muda watu wakaanza kugombania kuwa waonjaji wake. Nyumbani alikuwa akikaa karibu na mianzi asubuhi, ananusa tu. Sikumfukuza hapo.

Castory alikuja kila safari ya vipimo. Alilipia, alibeba mfuko, aligombana na makarani. Na kila daktari alipomwuliza habari ya kupima, alikuwa na mzigo Makambako. Baba alimtazama tu, kisha akatazama chini.

Halafu, mwaka fulani, masika yalipoisha, viatu vya Baba vikakataa kuingia. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Uso ulikonda, tumbo likajaa. Asubuhi moja alifungua mlango na safari hii sikuhitaji kutafuta, umanjano ulikuwepo. Aliniona nilivyomtazama. "Haya," akasema, "leo hata usisalimie." Tukafunga safari.

Damu ilikuwa imebadilika. Daktari, ambaye sasa alikuwa na mvi chache na mwili kiasi, alisema wakati umefika. Niliogopa, lakini pia nilipumua, aibu ilioje kusema. Hatimaye kulikuwa na kitu cha kufanya. Na dawa sasa ilikuwepo: Castory alikuwa ameongea na mwenye duka la dawa Makambako, malori ya Mzee Salumu yanaleta kila yanapopanda, akiba imewekwa kabatini. Kichupa kilikuwa kwenye mkoba wangu siku ile ile.

Baba akasema hataki.

"Nitaanza," akasema, "siku Castory atakapopimwa. Kabla ya hapo msinipe."

Castory akaduwaa. Daktari akamsihi, akamweleza kwamba kila wiki ina maana. Baba alimsikiliza kwa heshima zake zote. "Nimekuelewa, daktari. Nimengoja miaka, naweza kungoja kidogo." Castory akatoka nje akaenda kusimama kwenye gari. Tulirudi nyumbani na dawa haijafunguliwa.

Hizo ndizo zilikuwa wiki mbaya kuliko zote, na ndizo nisizopenda kuzisimulia. Baba alikuwa akilala mchana kutwa. Alikuwa akichanganya maneno, anamwita Shangazi Agneta kwa jina la Mama. Nilimpigia magoti. Nilimtishia. Nilifikiria kusaga kidonge kwenye uji, na nilikuwa nimeshachukua kinu, nikakirudisha, kwa sababu alikuwa amekaa pale dirishani ananitazama, na angejua. Nilimuuliza kwa nini. Akanyoosha kidole kwenye dirisha, mahali anapoweka kioo chake na wembe. "Castory alipoanza ndevu," akasema, "hakuwa na wembe wake. Nilimnyoa mimi. Kwa ule wangu. Miaka."

Kesho yake nilipanda gari la asubuhi kwenda Makambako.

Nilimkuta Castory dukani, upepo unapiga mabati, amekaa katikati ya feni belti na vichujio vya mafuta kama mtu aliyejificha. Hakunisalimu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nimeyapanga maneno yote tangu njiani. Nilipomwona uso yakaniisha.

"Unaogopa," nikasema.

"Unadhani siogopi? Nina watoto wanne. Nikiambiwa ninao, nitafanya nini? Nikae miaka naangaliwa, mke wangu ananinusia kikombe?"

"Ndiyo. Utanusiwa kikombe."

"Baba alikuwa hajui kitu, alikuwa mzima, wakamwambia, akaanza kugawa shamba."

"Kwa sababu hakuelewa neno. Wewe unalielewa. Kaka, anakufa kwa kukungoja wewe."

Malori yalipita, duka likatetemeka. Mzee Salumu, ambaye muda wote alikuwa amekaa kwenye boksi mlangoni akinywa kahawa, akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono.

"Lete funguo," akamwambia Castory. "Duka nitakaa mimi. Gari langu lipo pale, dereva anakungoja."

"Mzee, nina mteja wa saa—"

"Lete funguo, mwanangu."

Tulipita Njombe kumchukua Baba. Castory alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari, maana miguu ilikuwa haimwezi tena. Asubuhi ya kesho yake, pale hospitalini, tukakaa kwenye benchi ile ile. Jua lilikuwa limetoka na kulikuwa na joto kidogo ukutani, tukamsogeza Baba upande wa jua. Castory aliitwa, akachomwa, akarudi akikunja mkono wa shati. Tukangoja. Mimi sikusimama hata mara moja. Nilikaa tu, bega langu likigusana na la Baba, nikasikia anavyohema.

Walimwita tena mchana. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuja polepole, akasimama mbele yetu, mikono mfukoni.

"Ninao," akasema. "Amesema ini langu ni zima, nitapimwa kila msimu. Ila ninao."

Baba aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya Mama. Sasa alilia kama watu wanavyolia, mabega yakitikisika, na watu wote wa benchi wakatazama pembeni kwa adabu. "Ni mimi," alikuwa akisema. "Ni wembe wangu. Ni mimi."

Castory akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti. "Huenda. Daktari anasema hakuna anayeweza kujua. Na ungeninyoa kwa nini, Baba? Kwa panga?" Alijaribu kucheka, ikashindikana. Akaunyoosha mkono kwangu. Nikafungua mkoba, nikampa kichupa. Akakivunja kifuniko, akatoa kidonge kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha Baba, kile kilichojaa makovu ya kujikuna, akakifunga kwa vidole vyake.

"Ulisema nikipima utameza," akamwambia. "Nimepima."

Nilikuwa nimeanza kuinuka kutafuta maji. Baba hakuningoja. Alikiweka kidonge mdomoni, akakimeza kikavu, akakunja uso. Kisha akafungua mdomo wazi, akainua ulimi, ili mwanawe aone kwamba kimekwenda.